Gari Zima, Dereva Mbovu

Alipokasirika hakupandisha sauti. Alisahihisha Kiswahili chako. Ukimwambia, "Samahani Mwalimu, hela yako imechelewa," alikutazama machoni, akakujibu taratibu: "Hela haina miguu. Sema umeichelewesha." Sisi tuliosoma kwake tulijua kwamba mtu akifika hatua ya kusahihishwa hivyo, afadhali angetukanwa yakaisha.

Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo walivyomwita madereva wa malori miaka yake ya mwisho ya kazi. Walimu wenzake wa zamani, wao, walimwita Dereva, na hawakulitamka bila kucheka. Mimi nilimjua nikiwa mwanafunzi wake, nikamjua tena nilipoajiriwa ukarani katika shule ileile, kisha nikamjua upya siku alipokuja nyumbani kwangu Mtama na bahasha ya kaki kwapani. Siku hiyo nitaieleza, ingawa hainipendezi kuieleza.

Shule ilikuwa ya mtu binafsi, nje kidogo ya mji wa Lindi. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara aliyependa kuitwa Mkurugenzi. Mwalimu alifundisha Jiografia pale miaka ishirini na mitatu. Aliweza kuuchora Mto Ruvuma ubaoni bila kufungua kitabu, kona moja moja, huku mdomo wake ukizungumzia jambo jingine kabisa, lakini mwenyewe alikuwa hajafika hata Songea. Alikuwa mkali. Alichapa. Na mwanafunzi akikosea jibu mara mbili alimwambia, "Endelea hivyohivyo. Malori yanatafuta watu." Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka. Kwetu lori lilikuwa ndilo shimo wanakotumbukia walioshindwa.

Wanafunzi walipungua mwaka hadi mwaka, mpaka Mkurugenzi akafunga geti. Alituita watumishi wote chini ya paa la bwalo, akatushukuru kwa uvumilivu wetu, akatuambia twende tukafuatilie mafao yetu kwenye mfuko wa pensheni. Alisema hivyo bila kupepesa macho.

Mwalimu alikuwa na miaka hamsini na minne. Alivaa shati lake la Ijumaa, akaenda ofisini. Mama wa kaunta alikuwa muungwana. Badala ya kumweleza kwa maneno, alimgeuzia kompyuta ajionee. Michango ya miaka tisa ya mwanzo ilikuwepo, mwezi kwa mwezi. Baada ya hapo, patupu.

"Baba, hapa ndipo inapokomea," yule mama alimwambia.

"Inakomeaje? Nimekatwa mpaka mwezi uliopita."

"Umekatwa, baba. Haikuletwa."

Aliniambia baadaye kwamba katika ofisi zote alizozunguka maishani, ile ndiyo sentensi pekee ambayo hakuona cha kusahihisha.

Akaelezwa sheria. Mtu hapati pensheni ya kila mwezi mpaka atimize michango ya miaka kumi na mitano. Yeye anayo tisa. Akapiga hesabu palepale amesimama: imebaki sita, na yeye ana hamsini na minne, na umri wa kustaafu ni sitini. Ilitosha, lakini haikubakiza nafasi ya kuugua hata mwezi mmoja.

Sasa nani atamwajiri mtu wa hamsini na minne? Serikalini umri umepita. Shule za watu binafsi alizokwenda zilimtazama mvi, zikamwambia zitampigia simu. Kitu pekee alichotoka nacho katika ile shule, ukiacha chaki kifuani, kilikuwa leseni. Kwa miaka mingi Mkurugenzi alimtuma na Canter ya shule kufuata maharage na kuni, bila malipo, kwa kisingizio kwamba mwalimu ni mlezi. Ndiyo Canter iliyompa leseni, na ndiyo leseni iliyomfungulia mlango wa lori. Ukimwambia kwamba hapo basi Mkurugenzi alimsaidia, alikutazama mpaka ukaona aibu.

Lakini kabla ya lori alikuja kwangu.

Baada ya shule kufungwa nilifungua kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, sebuleni kwangu. Aliingia, akaitikia shikamoo yangu, akakataa kiti. Alikaa mkekani akafungua ile bahasha. Mlikuwa na slipu zake za mshahara za miaka yote, hajapoteza hata moja. Akazitandaza, na kwenye kila moja palikuwa na mstari ulioandikwa: mchango wa pensheni.

"Hizi umechapa wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulijua?"

Nikamweleza ukweli. Mwaka wangu wa tatu kazini niliona jalada la stakabadhi za mfuko halina karatasi mpya, nikamuuliza Mkurugenzi. Akaniambia, "Mama, kazi yako ni kuchapa." Nikachapa. Nilikuwa na mtoto mchanga na mume aliyeondoka, nikachapa. Nilichapa na slipu zangu mwenyewe zenye mstari uleule, na za kwangu nazo hazikupelekwa popote.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilishuku, Mwalimu."

"Ulishuku mwaka ule. Miaka iliyofuata ulijua."

Akazikusanya slipu, akazipanga kwa tarehe, akaondoka. Chai niliyomwandalia aliiacha na kifuniko chake juu. Hakusema nami kwa zaidi ya mwaka. Tukikutana sokoni nilimwamkia, akaitikia kwa sababu marahaba hanyimwi mtu, kisha akapita kama anapita nguzo ya umeme.

Alifungua shauri la watumishi wote kwenye baraza la usuluhishi. Nilipoletewa wito wa kwenda kutoa ushahidi sikulala, lakini nilikwenda, nikaeleza yote, jalada tupu na maneno ya Mkurugenzi. Tulishinda. Baraza likaamuru tulipwe. Ndipo tukaambiwa kwamba shule haina mali: majengo ni ya mtu mwingine, kiwanja ni cha mtu mwingine, na Canter ilishauzwa zamani. Tulirudi na karatasi ya ushindi. Ijumaa iliyofuata Mkurugenzi alikuwa safu ya mbele msikitini, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

Kanzu ile naiona mpaka leo.

Aliyemfundisha Mwalimu kuendesha semi, lori refu lenye tela, alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mzoefu wa njia ya Songea, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake. Na hakuwa mwanafunzi wa kawaida. Ni mmoja wa wale walioambiwa malori yanatafuta watu. Kazi ngumu kuliko zote ni kurudisha tela nyuma. Ukizungusha usukani kulia, tela linakwenda kushoto, na akili iliyozoea gari dogo inakataa. Mwalimu alishindwa asubuhi nzima. Kila aliposhindwa yule mwanafunzi wake alisema kwa adabu, "Rudia, Mwalimu." Hakucheka. Madereva wengine walikaa ukutani wakitazama, nao walicheka kwa niaba yake.

Siku ya tatu Mwalimu alizima injini katikati ya uwanja. Yule dereva mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Akaniambia, 'Nilikukosea mbele ya darasa. Nakuomba radhi mbele ya hawa.' Akateremsha kioo, akawaita wale wa ukutani, akarudia maneno yaleyale kwa sauti. Dada, mimi nilikuwa nimeshasahau. Nikalia kama mtoto."

Baada ya hapo tela lilikubali, au yeye ndiye aliyelikubali.

Akapata leseni ya magari makubwa, akaanza kutafuta kazi, na hapa watu walianza kumwona ana wazimu. Madereva wengi wa kwetu hulipwa kwa safari. Tajiri anakupa ufunguo na posho, unakwenda, unarudi, mnamalizana. Mwalimu alikataa. Alitaka mkataba wa maandishi na kuchangiwa pensheni kila mwezi. Tajiri wa kwanza alimcheka. Wa pili alimwambia, "Mzee, wewe umekuja kuendesha au kuzeeka?" Alimjibu, "Vyote viwili, na vyote utavilipia." Hakupewa kazi.

Wa nne alikuwa mwanamke, mjane aliyeachiwa malori saba na mumewe. Alikuwa na ulimi mkali, tena hakupenda kupoteza muda. Alimuuliza kama anakunywa, akasema hapana. Akamuuliza kama anaweza kuandika ripoti ya safari bila kuandikiwa na mtu, Mwalimu akacheka, kicheko kimoja, cha puani. Akapewa mkataba.

Akawa anabeba makaa ya mawe kutoka upande wa Songea kwenda bandarini Mtwara, na msimu mwingine jasi ya Kilwa, yale mawe meupe yanayopelekwa kiwanda cha saruji. Mkewe alimshonea mto wa usufi wa kukalia kwa ajili ya mgongo. Nje ya kichwa cha lori hakuandika maneno yoyote, hakubandika ua wala picha. Alipoulizwa kwa nini gari lake halina jina, alisema gari si lake.

Usidhani hasira ilimfanya mtu bora. Ilimla, na ilikula waliokuwa karibu naye. Binti yake wa pekee aliolewa kwao Nyangamara, na yeye hakuhudhuria. Aliogopa kuomba ruhusa. Mkewe alimwambia likizo ni haki yake na haimpunguzii mwezi hata mmoja, akamjibu, "Sitaki kuwapa sababu." Akamwachia mdogo wake uwalii, na saa ile binti anaozwa yeye alikuwa Masasi chini ya lori anakaza nati. Binti aliomba picha zipigwe bila kuacha nafasi ya baba yake. Mkewe alinieleza haya akiwa anapepeta mchele, na hakunyanyua uso. "Yule aliyemwibia," alisema, "hakumwibia pensheni peke yake." Nilikubaliana naye. Lakini harusi ya mtoto hakuiiba Mkurugenzi. Aliiacha Mwalimu mwenyewe, na hilo mpaka leo sioni la kumtetea.

Mwezi haukupita bila yeye kuangalia michango yake kwenye simu. Mwaka wake wa pili aliangalia akakuta mwezi mmoja haujaingia. Akasubiri. Ukafuata wa pili, nao mtupu. Siku hiyo alikuwa ametoka kupakia jasi, yuko Kiranjeranje. Alilitoa lori barabarani, akaliegesha vizuri kabisa, akaweka vizuizi vya matairi na pembetatu zake mbele na nyuma kama sheria inavyotaka, akatia ufunguo mfukoni, akampigia tajiri.

"Mama, nimesimama Kiranjeranje."

"Gari limeharibika?"

"Gari zima. Dereva ndiye mbovu."

"Unaumwa?"

"Ndiyo. Naumwa miezi miwili."

Tajiri alikata simu. Akampigia tena, akamtisha, akakata. Mwalimu alinunua muhogo wa kuchoma, akala, akakaa kivulini mwa tela lake. Madereva waliopita walipunguza mwendo kumuuliza, naye alimuuliza kila mmoja swali moja: "Na wewe umeangalia ya kwako?" Wengi hawakuwa na ya kuangalia. Lakini wale sita wa tajiri yuleyule, waliokuwa wamepata mikataba baada ya kuuona wa kwake, waliangalia. Kesho yake alasiri kulikuwa na malori matatu yameegeshwa Kiranjeranje, yote mazima.

Tajiri alikuja mwenyewe, amejifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kupigana. Muuza muhogo aliyesikia mazungumzo yao aliyasimulia Kilwa nzima.

"Mwalimu, unataka kunifilisi?"

"Sitaki, mama. Ukifilisika nani atanichangia?"

"Nilikwama. Matairi manne kwa mpigo. Ningelipa mwezi ujao!"

"Aliyekuwa mwajiri wangu naye alisema mwezi ujao. Ulikuwa mwezi mrefu. Ulichukua miaka kumi na minne."

Inasemekana yule mama aliomba maji, akanywa, akasema, "Mimi si yeye."

"Basi usifanane naye."

Alilipa, ya wote saba. Walikasirikiana miezi kadhaa, wakaongea kwa ripoti za maandishi tu, kisha yule mama akawa anamtuma Mwalimu akaongee na madereva wapya kabla hajawaandikia mikataba. Alikuwa anawaambia vijana wale, "Usiulize mshahara ni kiasi gani. Uliza makato yanakwenda wapi." Walimsikiliza. Darasani hatukuwahi kumsikiliza hivyo.

Akafika sitini, akaongezewa miezi aliyoipoteza akisaka kazi, michango ikatimia. Akarudisha ufunguo, na miezi michache baadaye pensheni ikaanza kuingia. Ni kidogo. Watu walimjia kumpongeza, wakamwambia ashukuru Mungu, wengine wamekufa bila kuona chochote. Alisema, "Namshukuru Mungu. Hii ni ya malori na ile miaka tisa. Ya miaka kumi na minne sijaiona, na aliyenayo namjua anapokaa." Watu waliondoka wakisema mzee huyu ana kinyongo. Sijaelewa mpaka leo kwa nini mtu akiibiwa anatakiwa awe mpole, na aliyeiba hatakiwi kuwa chochote.

Mkurugenzi alifariki mwaka huu, kwa maradhi ya muda mrefu. Nilikwenda msibani. Ndivyo tulivyolelewa, maiti hana adui. Nilikaa uani na wanawake, karibu na dirisha, kwa hiyo nilisikia kila neno la barazani. Walikuwepo walimu wa zamani wengi, mlinzi, mpishi wa shule. Mwalimu nilimwona akiingia, amenyooka, kofia nyeupe, fimbo hana.

Maiti ilipokwisha kuoshwa na kukafiniwa, kabla haijanyanyuliwa, kaka wa marehemu alisimama kusema yale yanayosemwa kila msiba. Kwamba marehemu alikuwa binadamu. Aliyekosewa amsamehe. Na kama yuko anayemdai, ajitokeze, familia ipo. Watu huwa wanaitikia, "Tumemsamehe," jambo likaisha.

Tuliitikia. Mimi pia mdomo wangu ulishafunguka.

"Mimi namdai," alisema Mwalimu. "Na sijasamehe."

Uani, vijiko vilisimama kwenye masufuria.

"Mzee wangu," yule kaka alisema, "maiti iko mbele yetu."

"Ndiyo maana nasema sasa. Umeuliza, nimejibu. Kama hukutaka jibu ungesema jambo jingine."

"Lakini mbona ni wewe peke yako? Watumishi wenzako wote hawa wamekwisha kusamehe."

Niliwaona wale walimu kupitia dirishani, wanatazama miguu yao. Mwanamke aliyekaa kando yangu alinong'ona, "Mzee huyu hana haya." Sijui ni neno lile, au ni kanzu ile iliyopigwa pasi niliyoikumbuka. Nilisimama na khanga yangu, nikashika nondo za dirisha.

"Na mimi namdai," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Mimi ndiye niliyekuwa karani wake. Naijua hesabu ya kila mtu aliyekaa hapo barazani."

Mpishi naye akasimama. Kisha mlinzi. Walimu walibaki na miguu yao.

Sheikh, ambaye muda wote alikuwa amekaa, aliuliza kwa utulivu, "Deni la marehemu huyu nani analibeba, ili tumswalie?" Jua lilikuwa kali na watu walikuwa wanatoka jasho. Mwishowe mtoto wa kwanza wa marehemu, mtu mzima mwenye familia yake, akasema, "Nalibeba mimi."

"La nani?" Mwalimu aliuliza.

"La wote waliosimama. Na la waliokaa."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Kisha akasogea, na jeneza liliponyanyuliwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulitia begani, mguu wa mbele, upande wa kulia. Watu walimpisha. Mtu mmoja alimuuliza kama ana hakika. Akasema kumzika Mwislamu ni wajibu wake, na kulipwa ni haki yake, na yeye hajawahi kuvichanganya hivi viwili.

Nilimkuta barabarani baada ya maziko, anasubiri usafiri, kanzu ina udongo wa kaburi. Nilidhani atanishukuru.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Najua."

"Miaka mingi."

"Najua, Mwalimu."

Alijipangusa viganja, akatazama kule lilikokuwa linakuja gari. "Umesema unaijua hesabu ya kila mtu. Umesema tu, au unayo?"

"Ninayo. Nakala zote niliondoka nazo siku geti lilipofungwa."

Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkekani alinitazama kama mtu.

"Njoo nazo kesho asubuhi kwa mtoto wake. Ameahidi mbele ya maiti na mashahidi. Ahadi ya namna hiyo ina nguvu mpaka arobaini. Ikipita, watu wanaanza kukumbuka vibaya."

Gari likasimama. Alipanda mbele kwa dereva, na kabla hata hajafunga mlango nilimsikia akimuuliza, "Kijana, tajiri wako anakuchangia?"